Maji Yakipungua, Tuombe Msaada Bila Haya

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, yaani kuomba msaada baada ya mafuriko.

Sisi Wakenya tunayajua mafuriko. Wazee wetu hukumbuka ya mwaka 1961, na wengi wetu twakumbuka ya El Nino ya 1997 na 1998. Lakini hakuna aliyesahau masika ya mwaka 2024. Mto Tana ulivunja kingo zake na kufunika mashamba ya Garissa na Tana River. Katika Nairobi, mto wa Mathare uliingia vyumbani mwa watu usiku. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, huko Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa mfereji wa chini yake ulikuwa umeziba, yalipata njia yakashuka bondeni na kuwakuta watu wamelala. Katika bonde lile peke yake walikufa watu zaidi ya 40. Nchi nzima msimu ule walikufa zaidi ya 290, na watu zaidi ya 200,000 walihama makwao. Tarehe 10 Mei taifa lote liliomboleza.

Basi, maombolezo yakiisha, kazi nyingine huanza. Na hapo ndipo tunapokutana na mtu tunayemfikiria leo. Yeye hakufiwa, ila amepoteza nyumba, mbuzi, magodoro na vyeti. Ni mtu wa heshima, pengine ni mzee wa kanisa. Amehamia kwa ndugu yake, akanyamaza. Chifu alipoandika majina, yeye hakwenda. Alisema moyoni, "Wako wengine walioumia kuliko mimi. Tena nikiomba, watu watasema imani yangu ni haba." Siku chakula na blanketi zilipogawanywa, jina lake halikusomwa. Watoto wake walilala kwa baridi, na hakuna aliyewanyima kwa kusudi.

Wapenzi, hebu tumkumbuke Mtume Paulo katika tufani. Tunasoma habari zake mwishoni mwa kitabu cha Matendo ya Mitume. Merikebu ile ilikuwa na watu 276. Walipigwa na dhoruba siku kumi na nne. Paulo alikuwa amekwisha kuahidiwa na Mungu ya kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Je, aliketi akangoja? La. Aliwasihi watu wale chakula wapate nguvu. Merikebu ilipovunjika, waliojua kuogelea walijitupa majini kwanza, na wengine walishika mbao na vipande vya chombo, nao wote wakafika pwani. Kisha wenyeji wa kisiwa, watu wasiomjua Paulo, waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, naye Paulo akauota pamoja na wenzake. Hakuona haya.

Ahadi ya Mungu ilitimizwa kwa ubao. Aliyeukataa ubao asingalikuwa na imani kubwa kuliko mwenzake, angalizama tu. Wazee wetu nao walisema, mficha uchi hazai. Basi na tuzitaje mbao zilizopo katika nchi yetu, moja baada ya nyingine.

Kwanza, usirudi nyumbani kwa haraka. Ukuta wa udongo uliolowa huweza kuanguka siku kadhaa baada ya jua kutoka. Usiguse waya wa umeme ulioanguka, wala usiwashe umeme katika nyumba iliyolowa kabla fundi hajaitazama. Usivuke maji yaendayo kasi, hata kama unaijua njia tangu utoto.

Pili, jiandikishe. Mwende mzee wa mtaa, au naibu wa chifu, au chifu mwenyewe, maana mara nyingi orodha ya walioathirika huanzia hapo. Taja watu wote wa nyumba yako, na useme wazi kama yuko mja mzito, mtoto mchanga, mgonjwa anayetumia dawa kila siku, au mlemavu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kina simu isiyolipiwa, nambari 1199. Kama umepotezana na mtu wako, waeleze polisi, na uwaeleze Msalaba Mwekundu pia, kwa kuwa kuwatafuta waliopotezana ni mojawapo ya kazi zao za siku nyingi. Na jambo moja tena: kuandikwa jina hakulipiwi. Mtu akikuomba pesa ndipo akuandike, usimpe, ukamshtaki kwa wakubwa wake.

Tatu, jihadhari na maji. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kimeingiwa na uchafu wa vyoo. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au tumia dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa na mhudumu wa afya. Mwaka 2024 kipindupindu kilizuka Tana River baada ya mafuriko. Mtu akiharisha maji matupu, usingoje kesho, mpeleke zahanati. Mkiwa njiani mnyweshe kidogo kidogo maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Tena mahindi yaliyolowa na kuota kuvu usiyale, wala usiwape kuku. Kuvu ile huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, nayo haitoki kwa kupikwa.

Nne, vyeti. Wengi hulia wakidhani ya kwamba karatasi ikienda na maji, haki imekwenda nayo. Sivyo. Nenda kituo cha polisi uandikishe hasara yako, upewe ile karatasi iitwayo abstrakti. Ukiwa nayo, kitambulisho kipya huombwa katika kituo cha Huduma au ofisi ya usajili wa watu. Habari za vyeti vya mitihani huulizwa kwa Baraza la Mitihani. Hati ya shamba ikipotea, mwenye shamba humwendea msajili wa ardhi akiwa na hati ya kiapo. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 60 hupita kabla ya kupewa hati nyingine. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho.

Sasa twataka kuwageukia ninyi ambao maji hayakuwafikia. Mwakumbuka ya kwamba katika kanisa la kwanza, pale Yerusalemu, palikuwa na wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea wajane wale kwa kunung'unika. Waliliita kanisa, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakapewa kazi ile. Kuona jina la nani halimo katika orodha lilikuwa jambo la kiroho.

Na sisi tufanye vivyo hivyo. Ushirika wa akina mama wawajue wajane wa mtaa. Vijana wampeleke mzee asiyeweza kutembea mpaka kwa chifu, au wamlete mwandishi wa majina nyumbani kwake. Mwenye kujua kusoma amjazie fomu asiyejua. Wala tusiulize kwanza, huyu ni wa dhehebu gani? Watu wa kisiwa kile hawakumwuliza Paulo swali hilo walipowasha moto. Tena tusichoke mapema. Juma la kwanza magari ya misaada ni mengi na wapiga picha pia. Mwezi wa tatu hapana gari. Ni wakati huo mtu anapotafuta mbegu, karo ya shule na mabati ya kuezekea, na ni wakati huo huzuni humkalia moyoni. Umtembelee wakati huo. Ukikosa cha kumpa, keti naye, umsikilize.

Nawe ndugu uliyenyamaza kwa haya, twakuomba neno moja tu. Kesho asubuhi, inuka, mwende chifu au mzee wa kanisa lako, useme jina lako na hesabu ya watoto wako. Hutakuwa umemwacha Mungu. Utakuwa umeshika ubao aliouweka karibu nawe.

Mungu awabariki nyote, na awalinde usiku wa leo. Kwaherini, wapenzi, mpaka tutakapozungumza tena.