Jeli Inayoganda kwa Joto

Haidrojeli ni wavu wa molekuli ndefu, yaani polima, ulionasa maji mengi kuliko uzito wake wenyewe. Faluda ni mfano wa mezani. Chainagrasi, inayotengenezwa kutokana na mwani, huyeyuka katika maziwa yanayochemka na kuganda yakipoa hadi nyuzi joto 35 au 40. Ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85, ndiyo maana faluda hushikana bila friji hata kwenye joto la pwani kama Boko, mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 32.

Tiba inahitaji kinyume cha faluda: kimiminika kinachopita kwenye sindano, kisha kigande mwilini kwenye nyuzi 37. Polima iitwayo PNIPAM hufanya hivyo, tabia ambayo Heskins na Guillet waliieleza mwaka 1968. Ikiwa baridi, maji huishikilia ikabaki imejinyoosha. Ikivuka nyuzi 32 mshiko huo hulegea, sehemu zake zinazokimbia maji hukumbatiana, na kimiminika kiangavu hugeuka ghafla kuwa cheupe kama tui. Kikipozwa, hurudi kilivyokuwa.

Jeli iliyoshikwa na joto peke yake ni dhaifu: husinyaa, hutema maji, huteleza kidondani. Kwa hiyo wakemia huipachika polima vikundi vyenye kuungana na vitu vingine, kama esta za N-hidroksisuksinimidi, ambazo hudaka vikundi vya amino vya protini. Joto huigandisha jeli kwanza. Esta hufuata taratibu na kuifunga kwenye kolajeni ya tishu, au kwenye dawa ya protini iliyobebwa. Tatizo la kuiondoa nalo lina ujanja wake. Uti wa PNIPAM hauozi mwilini, lakini ukipewa matawi yanayokatwa na maji kidogo kidogo, kiwango cha kuganda hupanda hadi kuzidi nyuzi 37. Jeli huyeyuka na minyororo yake, ikiwa mifupi, hutoka kupitia figo.

Nyuzi 32 ni kiwango salama kwa maabara yenye chumba cha nyuzi 20. Chini ya paa la bati, Boko, bomba la sindano likisahaulika mezani umeme umekatika, dawa itaganda kabla ya kumfikia mgonjwa. Kiwango chaweza kupandishwa kwa kuongeza vipande vinavyopenda maji, ila nafasi ni finyu, kwani ngozi ya mguu huwa na ubaridi zaidi kuliko ya kifua na jeli inaweza kukataa kuganda hapo. Unyevu wa pwani ni adui mwingine: esta hizo huvunjwa na maji na kupoteza nguvu ya kushika. Polima hiyo basi hufaa kutunzwa ikiwa poda kavu, imefungwa, kando ya maji yake katika baridi ileile ya nyuzi 2 hadi 8 inayotunza chanjo nyingi, na kuchanganywa mgonjwa akiwa tayari kitandani.