Uhamishaji wa Seva ya Muziki ya Nyumbani kwenda Kompyuta Mpya: Njia ya Faili kama Utambulisho wa Wimbo

Seva ya muziki ya nyumbani ni kompyuta iliyotengwa kutunza mafaili ya muziki na kuyasambaza, kupitia mtandao wa ndani, kwa vipokezi vilivyomo vyumbani. Kompyuta hiyo inapochakaa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine, wamiliki wengi huiona kazi iliyopo kuwa ni ya kunakili mafaili tu. Mtazamo huo hauna budi kuhojiwa. Mafaili ya sauti ndiyo sehemu iliyo rahisi kuhamishwa. Kinachopotea kimyakimya ni maarifa ambayo mwenye mkusanyiko ameyajenga juu yake kwa miaka mingi. Makala haya yanalifafanua jambo hilo kwa kurejelea programu ya Lyrion Music Server.

Programu hiyo ilianzishwa na kampuni ya Slim Devices ya California, na iliwahi kuitwa SlimServer. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, ikaacha kutengeneza vipokezi vya Squeezebox mwaka 2012, na programu ikaendelea kutunzwa na wapenzi wake hadi ikapewa jina ililonalo sasa. Historia hii ina umuhimu wake kwa mada, kwani zipo nyumba ambazo seva yake imekwisha kuhamishwa zaidi ya mara moja.

Maarifa yanayozungumziwa yamo katika sehemu tofauti. Yako yaliyoandikwa ndani ya faili lenyewe kama lebo: jina la msanii, la wimbo, mwaka. Hayo husafiri pamoja na faili popote liendapo. Yako yaliyomo katika orodha za nyimbo, na yako yaliyomo katika hifadhidata ya seva, yaani idadi ya mara ambazo wimbo umepigwa, tarehe ya mwisho ya kupigwa na alama za ubora alizozitoa msikilizaji. Kundi hili la mwisho hutunzwa katika faili liitwalo persist.db, tofauti na library.db, ambalo huweza kujengwa upya kwa kuchanganua mafaili na kwa hiyo halihitaji kuhamishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Ndani ya persist.db wimbo hautambuliwi kwa sauti yake wala kwa jina lake, bali kwa anwani kamili ya faili, ambayo hugeuzwa kuwa alama fupi ya MD5. Faili lililokuwa D:\Muziki\Taarab katika Windows likiwekwa /srv/muziki/taarab katika Linux, anwani hubadilika, na alama yake hubadilika vilevile. Kwa macho ya seva huo ni wimbo mpya usiowahi kusikilizwa. Rekodi ya zamani haifutwi. Imebaki pale pale ikiwa yatima, haina faili la kuielekeza. Hata tofauti ya herufi kubwa na ndogo yatosha kuleta athari hiyo, kwa kuwa Windows kwa kawaida huzichukulia Taarab na taarab kuwa folda moja, ilhali Linux huzitenganisha.

Nafuu ipo kwa mafaili yenye namba ya utambulisho ya MusicBrainz, kwani namba hiyo haitegemei mahali faili lilipo. Hata hivyo, nafuu hii haiwafikii wote kwa usawa. Mkusanyiko uliotokana na kanda za kaseti za taarabu au muziki wa dansi mara nyingi hauna namba hizo, na lebo zake zimeandikwa kwa mkono na mtu mmoja aliyelazimika kufanya maamuzi: je, Sikinde na DDC Mlimani Park Orchestra viwekwe chini ya jina moja? Je, kundi la Zanzibar lililoasisiwa mwaka 1905 liandikwe Ikhwani Safaa au Akhwani Safaa? Maamuzi hayo ni utafiti mdogo ambao hakuna hifadhidata ya nje inayoweza kuurejesha kikamilifu. Pale ambapo sauti imetunzwa katika muundo wa WAV, ambao hupokea lebo kwa shida, majina ya folda ndiyo lebo yenyewe. Anayeyabadilisha wakati wa kuhama kwa nia ya kupanga vizuri hufuta ushahidi.

Kwa sababu hiyo, njia iliyo salama ni kuihifadhi anwani ileile. Kutoka Linux hadi Linux, diski mpya huunganishwa mahali palepale palipokuwa na ya zamani; katika Windows hupewa herufi ileile. Ikiwa mfumo endeshi unabadilika, anwani ndani ya persist.db hazina budi kuandikwa upya kwa programu ndogo na alama zake za MD5 kukokotolewa tena, seva ikiwa imezimwa.

Kunakili kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Sauti ya ubora wa CD isiyobanwa huchukua biti 1,411,200 kwa sekunde, sawa na megabaiti 635 hivi kwa saa. Saa 1,000 za muziki, kwa mtandao wa waya wa gigabiti moja, haziwezi kunakiliwa chini ya dakika 85, na uhalisia huwa mrefu zaidi. Lakini kuzirekodi tena kutoka kwenye kaseti huchukua saa 1,000 zilezile. Kila faili lihakikiwe kwa alama ya SHA-256 pande zote mbili. Tarehe za mafaili nazo zihifadhiwe, la sivyo mkusanyiko wote utaonekana katika orodha ya muziki mpya kana kwamba umeingia siku moja.

Orodha za M3U nazo mara nyingi hubeba anwani kamili, hivyo hurekebishwa kwa namna hiyohiyo. Aidha, herufi zisizo za kawaida, kama vile alama ya ng' iliyoandikwa kwa kibainishi kilichopinda, huharibika orodha inaposomwa kwa usimbaji tofauti na ule wa UTF-8.

Mipangilio ya vipokezi, majina yake na kengele za asubuhi, imo katika folda ya prefs na hufuata anwani ya MAC ya kila kipokezi. Ikinakiliwa, hurudi ilivyokuwa, ingawa njia ya folda ya muziki iliyoandikwa humo lazima ikaguliwe. Seva ya zamani izimwe kabla ya mpya kuwashwa, kwani kipokezi huweza kuendelea kuishikilia ile kilichoizoea. Diski yake, hata hivyo, isifutwe mpaka nyimbo kadhaa zenye historia ndefu zifunguliwe katika seva mpya na idadi ya mara zilizopigwa ionekane kuwa si sifuri.