Farasi Anayefundishwa Kutembea

Kila mwaka, ninapofika kwenye somo la msamiati unaofifia, huwaomba wanafunzi wangu wa isimu wanitajie maneno ya Kiswahili yahusuyo miendo ya farasi na punda. Kimya hutanda. Hatimaye mimi mwenyewe huandika ubaoni: telki, matiti, shoti. Kicheko huzuka kwa neno la pili, nami hulazimika kungoja kitulie ndipo nieleze kwamba farasi aendaye matiti hukimbia kwa kasi ya wastani, akiinua miguu miwili kwa pamoja, wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili, kisha ile mingine. Telki ni mwendo wa haraka wa punda asiyekimbia. Shoti ni kasi kuliko yote mawili. Ama mwendo wa chini kabisa, huo tunauita kutembea, neno lile lile tunalomtumia mtu aendaye sokoni. Ni huo ninaokusudia kuuzungumzia leo.

Mwaka 2011, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu mjini Vienna, nchini Austria, nilikwenda kutazama mazoezi ya asubuhi katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi. Jina lisimpotoshe msomaji: shule ni ya Waaustria, na Uhispania inatajwa kwa sababu ya asili ya farasi wake. Imekuwako tangu karne ya 16, na ukumbi wake mweupe, wenye nguzo na mataa makubwa ya kuning'inia, ulikamilika mwaka 1735. Nilikuwa nimeona picha za farasi wale wakiruka hewani kwa miguu yote minne, nami nililipa kiingilio changu cha kimaskini nikitarajia maajabu hayo. Kumbe sehemu kubwa ya asubuhi ile niliwaona farasi wakitembea.

Mmoja alinivutia. Alikuwa bado wa kijivu, maana farasi hawa huzaliwa weusi au wa hudhurungi, wakageuka weupe kadiri miaka inavyopita. Mpandaji wake alimpitisha kando ya ukuta, akamtaka aingize mabega yake ndani kidogo huku miguu ya nyuma ikifuata ukuta. Hatua mbili zilikuwa sawa. Ya tatu, farasi akajaribu kutoka kwa matiti. Hakupigwa. Alisimamishwa, akaachwa atulie, akaanza tena pale pale. Watalii walioketi karibu nami waliinuka wakaondoka. Mara ya sita au ya saba farasi alipata hatua nne safi. Mpandaji akalegeza hatamu papo hapo, akapeleka mkono kwenye mfuko ulio kwenye mkia wa koti lake, akamlisha kipande cha sukari.

Mzee aliyekuwa nyuma yangu, ambaye alipanda farasi ujanani mwake, aliona nimeduwaa akanifafanulia. Katika kutembea, kila ukwato hutua peke yake, na sikio lililozoea kupima mizani ya shairi halikosi kusikia: moja, mbili, tatu, nne. Katika matiti mapigo ni mawili, katika shoti matatu, na katika miendo hiyo miwili kuna nukta ambapo mnyama mzima yuko hewani. Kasi humbeba. Farasi aliyepinda mgongo, au anayeegemea lijamu, au anayeburuta mguu mmoja wa nyuma, aweza kuvuka ukumbi mzima kwa kasi bila kasoro yake kuonekana na asiye mjuzi. Akitembea hana pa kujificha. Wala mpandaji hana.

Jambo la pili alilonieleza ndilo lililonikaa zaidi. Ishara ya mguu wa mpandaji hufaa pale tu mguu wa nyuma wa farasi, upande ule ule, unapoondoka ardhini. Ukiwa umekwisha kutua na kubeba uzito, farasi hawezi kuusogeza hata akitaka. Mpandaji asiyehisi wakati huo humwita farasi mkaidi, ilhali amemwomba lisilowezekana. Ni katika mwendo wa polepole ndipo mtu hujifunza kuuhisi.

Zoezi lile la mabega ndani lilifafanuliwa na Mfaransa François Robichon de la Guérinière katika kitabu chake cha mwaka 1733, na hadi leo shule ile humhesabu miongoni mwa walimu wake wakuu. Hata hivyo, nisimfanye msomaji aamini kwamba polepole ni dawa ya kila kitu. Farasi mchanga hufunzwa sana kwa matiti, akienda mbele moja kwa moja, ili apate nguvu na hamu ya mwendo. Na kutembea ndiko mwendo ulio rahisi kuharibika. Mpandaji akibana hatamu mno, yale mapigo manne hupotea, farasi akaanza kutupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja kama ngamia. Polepole ya kubanwa si polepole ya kusikiliza.

Naungama kwamba mambo haya yalinichoma. Wakati ule nilisifiwa kwa Kijerumani changu. Nilikisema kwa kasi, na kwa kasi hiyo nilizimeza zile silabi za mwisho zinazobadilika kulingana na jinsia na uamilifu wa nomino, kwa kuwa sikuwa na hakika nazo. Juma lile nilijifungia chumbani nikasoma ukurasa mmoja kwa sauti, neno baada ya neno. Niliaibika peke yangu.

Na bado sikujifunza vya kutosha. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alitusomea sura ya tasnifu yake kwa ufasaha wa kutiririka, wenzake wakapiga makofi. Nilimwomba airudie aya ya kwanza polepole. Alipofika sentensi ya tatu alinyamaza, akaitazama karatasi kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "hapa sielewi nilichoandika."

Niliichukua karatasi. Pambizoni mwa sentensi ile palikuwa na alama yangu ya vema, kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimeipitisha mara mbili. Nilimwonyesha alama ile, nikavuta kiti, tukakaa na sentensi hiyo ya tatu mpaka kipindi kikaisha.