Fahamu: Kishikwambi kinahitaji matundu mangapi?
Serikali ya Jubilee nchini Kenya iliahidi vipakatalishi mwaka 2013. Kuanzia 2016, watoto wa darasa la kwanza wakapata vishikwambi badala yake. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, kilishinda sehemu ya zabuni ya vishikwambi hivyo. Je, kishikwambi kukosa matundu ya kawaida ya USB ni kasoro? Kwa mtoto, hapana: masomo yalipakiwa humo, na shule ikapewa seva isiyohitaji waya. Projekta ilikuwa ya mwalimu.

Mwanafunzi wa chuo ni habari nyingine. Flashi yake ya kawaida haiingii kwenye kishikwambi chenye tundu moja la USB-C bila adapta, kidude chepesi kupotea kuliko kalamu. Kabla ya kununua, uliza kama tundu hilo moja linapitisha picha hadi kwenye skrini kubwa. Mengine huchaji na kuhamisha data tu.