Mvua ya Sonatubes na uhai unaopotea katika vijito vya Kigali

Mvua ya alasiri inapoyaangukia makutano ya barabara ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, waendesha pikipiki hukimbilia vibarazani na chini ya mapaa ya vituo vya mafuta, na abiria wao husubiri pamoja nao. Baada ya nusu saa mvua hukatika, lami huanza kukauka na pirikapirika hurejea. Maji yaliyokuwa yakitiririka barabarani hayaonekani tena, na ni wachache wanaojiuliza yamekwenda wapi.

Yameteremka. Kutoka Sonatubes, mahali palipopata jina kutokana na kiwanda cha mabomba, ardhi inashuka kuelekea Rwandex na bonde la Gikondo. Maji ya bonde hilo huishia katika mto Nyabugogo unaotoka Ziwa Muhazi; Nyabugogo nao huingia Nyabarongo, Nyabarongo ikawa Akagera, na Akagera ndiyo mto mkubwa kuliko yote inayomimina maji katika Ziwa Viktoria. Tone la oili lililovuja katika gereji ya Kicukiro, kwa hiyo, limo katika safari ya Mto Nile, ijapokuwa sehemu kubwa ya madhara yake hutokea karibu sana na nyumbani, katika kijito cha kwanza linachokutana nacho.

Maji yasiyopata pa kuzama

Ili kuelewa madhara hayo, ni vyema kuanza na hesabu ndogo. Mvua ya milimita 30, ambayo si jambo la ajabu katika msimu wa masika kati ya Machi na Mei, ikinyesha juu ya paa la bati lenye ukubwa wa mita 100 za mraba, hutoa lita 3,000 za maji. Mvua hiyohiyo ikinyesha msituni au kwenye nyasi, sehemu yake kubwa hunywewa na udongo, hukaa chini kwa siku au wiki kadhaa, kisha hutoka polepole kama chemchemi. Juu ya bati, saruji na lami, karibu maji yote hukimbia papo hapo.

Kigali ya mwaka 1962, Rwanda ilipopata uhuru, ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.7. Mapaa, nyua za saruji na barabara za watu wote hao viko juu ya vilima, na vilima havina subira. Barabara ya kutoka Sonatubes kupitia Gahanga hadi daraja la Akagera, iliyopanuliwa katika miaka ya karibuni, imerahisisha mno safari za kwenda Bugesera. Imeongeza pia eneo la lami ambalo kila mvua ikinyesha lazima maji yake yapelekwe mahali fulani.

Kijito kinachopokea maji hayo hubadilika tabia. Mvua ikinyesha hujaa kwa dakika chache na kupita kwa nguvu inayong'oa kingo, kuviringisha mawe na kuwasomba viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe hayo. Mvua ikikoma hukauka kupita kiasi, kwa sababu udongo haukupata maji ya kuweka akiba. Samaki anayetaga mayai mahali penye maji ya utulivu huyakuta yamechukuliwa na mkondo, au yameachwa juu ya tope kavu. Utafiti uliofanywa katika miji ya Marekani umeonyesha kwamba dalili za kudhoofika kwa uhai wa kijito huanza kuonekana pale asilimia 10 hivi ya eneo linalokilisha maji inapofunikwa na lami na mapaa. Katika mabonde ya katikati ya Kigali kiwango hicho kimepitwa zamani.

Kinachosombwa pamoja na maji

Mzigo unaoonekana kwa urahisi zaidi ni tope. Udongo mwekundu kutoka viwanja vinavyochimbwa kwa ajili ya ujenzi, njia za vumbi na mashamba ya miteremkoni huyapa maji ya Nyabugogo rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo huziba nafasi ndogo zilizo kati ya mawe, ambazo ndizo nyumba za wadudu wa majini. Hufunika mayai ya samaki. Huingia katika mashavu yao na kuwakwaza kupumua. Tena huzuia mwanga wa jua, hata mimea ya majini isiweze kujitengenezea chakula.

Wakazi wa Kigali wanayajua madhara ya tope hilo kwa njia nyingine. Mtambo wa kusafisha maji wa Kimisagara huchota maji yake katika mto Yanze, mmojawapo wa mito inayoingia Nyabugogo. Yanze ikijaa tope, mtambo hulazimika kupunguza uzalishaji. Ndiyo maana familia hujikuta na mabomba makavu katika majuma yaleyale ambayo mvua inagonga mabati usiku kucha.

Mzigo wa pili hauonekani, nao ni upungufu wa pumzi. Kwa miongo mingi jiji halikuwa na mtandao mkuu wa maji taka. Nyumba nyingi zilitegemea, na bado zinategemea, mashimo. Mvua kubwa husomba kinyesi, mabaki ya masoko na taka za jikoni hadi vijitoni. Bakteria huanza kuvila vitu hivyo, na katika kula hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Akiba yenyewe ni ndogo tangu mwanzo. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi joto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Katika kimo cha Kigali, mita 1,500 hivi juu ya bahari, kiwango hicho hushuka hadi kati ya 7 na 8, na maji yaliyopata joto juu ya lami iliyochomwa na jua hubeba kidogo zaidi ya hapo.

Wanaostahimili hali hiyo ni wachache. Kambale ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, na kwa sababu hiyo huonekana hata katika mitaro michafu. Wapo wanaomtazama na kusema mto bado ni mzima, jambo ambalo ni kosa: kambale anaeleza habari za kambale tu. Wadudu wanaohitaji maji baridi yenye oksijeni tele hutoweka kwanza, na samaki wadogo waliokuwa wakiwategemea kwa chakula huwafuata.

Kisha kuna kemikali za barabarani. Mabati yanayochakaa hutoa zinki, breki hutoa chembechembe za shaba, na gereji hutoa oili chafu. Matairi nayo yamekuja kuwashangaza wanasayansi. Katika vijito vinavyozunguka Seattle, nchini Marekani, salmoni aina ya coho waliokuwa wakirudi kutaga mayai walikuwa wakifa saa chache baada ya mvua, mwaka baada ya mwaka, pasipo mtu kujua sababu. Desemba 2020 watafiti walitangaza kwamba wamempata mhalifu: kemikali iitwayo 6PPD, inayowekwa katika mpira wa tairi ili usipasuke mapema, hubadilika inapokutana na gesi ya ozoni hewani na kuwa sumu kali kwa samaki hao. Ndugu yao wa karibu, salmoni aina ya chum, aliishi katika maji yaleyale bila kudhurika. Hiyo haimaanishi kwamba vumbi la matairi ya Sonatubes linawaua samaki wa Nyabugogo, kwa kuwa kila aina ya samaki ina udhaifu wake. Kisa hicho kinaonyesha tu kwamba maji ya barabara yenye magari mengi hayapaswi kuhesabiwa kuwa maji ya mvua ya kawaida.

Mfereji si kijito

Katika mabonde ya Kigali, madhara ya maji machafu yamekutana na badiliko jingine, la makazi yenyewe ya viumbe. Bonde la Gikondo lilikuwa ardhioevu yenye mafunjo, ambamo maji yalipita polepole na kwa kuzungukazunguka. Viwanda, maghala na magereji vilijengwa humo kwa miaka mingi, ardhi ikafukiwa, na kijito kikabanwa katika njia nyembamba na iliyonyooka.

Mafunjo yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Mashina yake hupunguza kasi ya maji, tope likatua. Mizizi yake hutumia naitrojeni na fosforasi. Kivuli chake huwaficha samaki wachanga. Uchunguzi uliofanywa katika ardhioevu ya Nyabugogo uligundua kwamba metali nzito, ikiwemo risasi, zinki na kromi, hukusanyika katika tope na katika mizizi ya mafunjo kuliko katika majani yake. Kwa upande mmoja hiyo ni habari njema, maana sumu inazuiwa isiendelee na safari. Kwa upande mwingine ni onyo. Mtu anayechimba mtaro katikati ya mafunjo hayo, au kuyang'oa ili apande mboga, huikoroga upya sumu iliyokuwa imelala.

Suluhisho linalopendwa zaidi mijini ni saruji. Korongo la Mpazi, linaloshuka kupitia Kimisagara hadi Nyabugogo, limejengewa kingo imara, na sababu yake inaeleweka kwa kila aliyewahi kuona soko likifurika. Nchi ambayo Mei 2023 ilipoteza watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi, katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, haiwezi kulaumiwa kwa kuyaogopa maji. Hata hivyo ruhurura, kama wakazi wanavyoiita mitaro hiyo mikubwa, huyaharakisha maji na kulihamishia tatizo chini zaidi. Ndani yake hakuna jiwe la kujificha, hakuna jani la kula, wala kivuli. Inasafirisha maji, na hiyo ndiyo kazi yake pekee.

Kulirudisha bonde

Katika muongo uliopita viwanda vya Gikondo vilitakiwa kuhama, vingi vikielekezwa katika eneo maalumu la kiuchumi la Kigali, na mwishoni mwa mwaka 2019 familia nyingi ziliondolewa katika nyumba zilizojengwa ndani ya ardhioevu. Hatua hiyo ilizua malalamiko, na hadi leo kuna watu ambao neno "ardhioevu" huwakumbusha kwanza tingatinga, si ndege wala samaki. Sheria ya Rwanda hairuhusu ujenzi ndani ya mita 20 kutoka ukingo wa ardhioevu. Lakini maskini wa mjini hujenga pale anapopata, na mara nyingi anachopata ni bonde.

Mfano wa kile kinachoweza kufuata upo mwendo mfupi kutoka Sonatubes. Nyandungu, lililokuwa eneo la malisho na mashamba lililochakaa, lilifunguliwa Julai 2022 kuwa hifadhi ya mjini ya takriban hekta 120, yenye mabwawa, miti ya asili na mafunjo. Novemba mwaka huohuo Kigali ilitambuliwa na Mkataba wa Ramsar kuwa miongoni mwa miji ya ardhioevu duniani. Sasa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, inasimamia ukarabati wa mabonde mengine matano, yakiwemo Gikondo, Nyabugogo na Rwampara, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine.

Kuna hatari moja ambayo haitajwi sana. Bonde linaweza kupendeza machoni, likawa na njia za kutembelea, madawati na maua, huku kijito kilichomo kikiendelea kufa, ikiwa maji yanayoshuka kutoka vilimani ni yaleyale. Tangi la kuvuna maji ya paa, mtaro wa nyasi kando ya barabara, shimo la kunasa oili katika gereji na ua ulioachwa bila saruji ni kazi za juu ya kilima, kwenye viwanja vya watu binafsi, mbali na hifadhi yoyote. Hakuna anayealikwa kukata utepe kwa ajili yake.

Kipimo cha mafanikio hakihitaji maabara kubwa. Nchini Afrika Kusini umebuniwa mtindo uitwao miniSASS, unaotumiwa hata na wanafunzi: mtu huingia kijitoni na wavu mdogo, hugeuza mawe, humwaga alichokipata katika sinia jeupe, kisha huangalia ni makundi gani yaliyomo kati ya makundi 13 ya viumbe, wakiwemo ruba, konokono, kaa na watoto wa kereng'ende. Kila kundi lina alama zake, na wale wasiovumilia uchafu ndio wenye alama za juu. Mtindo huo haufai kwa maji yaliyotuama, hivyo hauwezi kutumika katikati ya mafunjo ya Gikondo. Vijito vya mawe vinavyoshuka kutoka vilimani kabla ya kufika mabondeni ndivyo vinavyoufaa, na Kigali inavyo vingi.