Bandari za Ulaya (3): Lisbon na dhahabu ya Kilwa

Makala iliyopita iliishia meli yetu ikipanda mto Tejo na kupita chini ya daraja la 25 de Abril, lile jekundu lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, mtawala wa kiimla, na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya 1974. Leo tunashuka. Meli nyingi za utalii hufunga gati Santa Apolónia, chini ya mtaa mkongwe wa Alfama, na abiria hupewa saa chache kabla meli haijang'oa nanga. Mabaharia wetu wanaofanya kazi humo hupata chache zaidi. Mji hauishi kwa muda huo, lazima uchague. Mimi nachagua hivi: Mswahili aliyejaliwa siku moja Lisbon aanze na dhahabu ya Kilwa.

Ratiba iliyozoeleka ni nyingine. Basi la watalii huwapeleka watu moja kwa moja Belém, kama kilomita sita magharibi ya katikati ya mji. Wanapiga picha mbele ya Mnara wa Belém, wanaingia Monasteri ya Jerónimos, wanakula kile kikate cha krimu ya mayai kilichonyunyiziwa mdalasini ambacho duka moja la hapo limekuwa likikioka tangu 1837, kisha wanarudi melini. Siwalaumu, na kikate chenyewe ni kitamu kikiwa cha moto. Lakini anayekwenda Belém bila maandalizi huona mawe yaliyochongwa vizuri, basi. Hajui yalilipiwa na nani.

Kwa hiyo panda tramu namba 15 pale Praça do Comércio, ila ushuke njiani, Santos, ukapande kilima hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale katika mtaa wa Janelas Verdes. Usiende Jumatatu, maana hufungwa. Na hata siku nyingine hakikisha kwanza kwamba pako wazi. Ukifika, ulizia Custódia de Belém. Hiki ni chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ambacho Wakatoliki wa kwetu hukiita monstransi, nacho kina urefu wa sentimita 73 hivi. Kisogelee. Kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono wadogo waliotiwa rangi za enameli. Juu yake mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia, kila mmoja na uso wake na vazi lake. Juu ya mitume ananing'inia njiwa, na juu zaidi ameketi Mungu Baba katikati ya vijiguzo vyembamba vilivyopanda kama minara ya kanisa kuu. Sasa inama usome ukingo wa kitako. Maandishi ya Kireno cha kale yanaeleza kwamba mfalme Manuel I aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Quiloa ndiyo Kilwa yetu.

Kodi hiyo ilipatikanaje? Julai 1502 Vasco da Gama, akiwa katika safari yake ya pili, aliingia bandari ya Kilwa na meli zenye mizinga. Alimtaka Amiri Ibrahim, aliyekuwa ameshika utawala wa mji, amtambue mfalme wa Ureno kuwa bwana wake na alipe dhahabu kila mwaka, la sivyo mji ungeteketezwa. Ibrahim akalipa. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa kisiwani. Ilichimbwa na kuchekechwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na kwa muda mrefu Kilwa ndiyo iliyoishika biashara ya Sofala na kutoza ushuru wake. Kwa utajiri huo ilijengwa Husuni Kubwa na kupanuliwa Msikiti Mkuu wenye makuba, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Katika chombo hiki kimoja, basi, mna jasho la wachimbaji wa bara, kazi ya mabaharia wa pwani, hazina ya Kilwa, na mkono wa Gil Vicente, mfua dhahabu ambaye wataalamu wengi wanaamini ndiye yule yule mwasisi wa tamthilia ya Kireno. Simnyimi fundi huyo sifa. Kazi yake inastaajabisha. Ninachokikataa ni kumsifu fundi na kuwasahau waliotoa dhahabu, hali yeye mwenyewe aliwataja.

Tena, kodi haikuiokoa Kilwa. Julai 1505 alifika Francisco de Almeida na kundi kubwa zaidi la meli. Askari wake waliuteka mji na kuupora, Ibrahim akakimbia, Wareno wakamtawaza mtu waliyemtaka wao na kujenga ngome. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa, ikachomwa moto. Maana yake ni kwamba chombo hiki kilipokamilika, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Wareno wenyewe hawakudumu; mwaka 1512 waliiacha ngome ya Kilwa, kwa sababu biashara waliyoijia ilikuwa imehamia njia nyingine.

Ukiwa na habari hiyo kichwani, sasa nenda Belém. Ujenzi wa Jerónimos ulianza mwaka 1501, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kodi ya asilimia 5 iliyotozwa bidhaa za Afrika na Mashariki. Ndiyo maana nguzo zake zimechongwa kamba za meli na viumbe wa baharini. Kaburi la Vasco da Gama limo humo kanisani, karibu na mlango. Manuel aliusia chombo cha dhahabu kiwekwe katika monasteri hii, na kilikaa hapo mpaka karne ya 19. Mnara wenyewe, uliojengwa kuanzia 1514, unatosha kuutazama kwa nje. Na lile jiwe kubwa la ukingoni mwa mto lenye sanamu za wasafiri si la kale hata kidogo: ni la mwaka 1960, enzi za Salazar, Ureno ilipokuwa bado inazing'ang'ania Msumbiji na Angola.

Wakati wa kurudi, kama miguu inaruhusu, pita kwa miguu katika mtaa wa Poço dos Negros. Mwaka 1515 Manuel, mfalme yule yule, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo bila kuzikwa. Mtaa wa leo una mikahawa na maduka, na jina limebaki. Kisha ushukie Praça do Comércio. Hapo ndipo lilipokuwa kasri la mfalme, pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya baharini. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, tetemeko la ardhi, mawimbi na moto uliofuata viliuangamiza uwanja huo, na nyaraka nyingi za safari za kwetu zikateketea. Mitaa iliyonyooka unayoiona nyuma yake ilijengwa upya kwa amri ya Marquês de Pombal, nyumba zikatiwa fremu za mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko mwingine.

Ukibakiwa na nusu saa, tembea hadi Largo de São Domingos. Pana kumbukumbu ya mawe ya Wayahudi waliouawa na umati wa watu Aprili 1506, mwaka ule ule kilipokamilika chombo cha Manuel. Siku hizi uwanja huo ni kijiwe cha Waafrika, hasa watu wa Guinea-Bissau: wanauziana bidhaa, wanapashana habari, wanatafutiana kazi.

Nina ombi kwa walimu wa historia. Kila kitabu cha shule kinawafundisha watoto wetu kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu, halafu sura inafungwa kwa kuja kwa Wareno. Waonyesheni picha ya chombo hiki, hasa ukingo ule wa kitako, mwanafunzi alisome mwenyewe jina la mji wake kama lilivyoandikwa na aliyeichukua dhahabu yake. Picha hiyo ingefaa pia kutundikwa Kilwa Masoko, wageni wanakopandia mashua kwenda Kisiwani.

Juma lijalo tutashuka Cádiz.