Jina la Mbwa Mkubwa Mpole

Wanafunzi wetu hapa Uganda wakitakiwa kumpa jina mbwa mkubwa aliye mpole, wengi hukimbilia "Jibwa". Tunawatahadharisha: umbo hilo la ngeli ya LI-YA huonyesha ukubwa, lakini hubeba dharau pia, na mnyama huyu hana kosa. "Tulia" linapendeza, ila ni amri vilevile. Akiitwa, aje au akae?

Majina ya wanyama wakubwa nayo yana utata. Kiboko ni mjeledi pia, kifaru ni gari la vita, tembo ni pombe ya mnazi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha: kiboko kimekatika, lakini Kiboko amelala. Sisi tungechagua Ndovu, silabi mbili tu, ijapokuwa Mtanzania huenda akakumbuka bia.